Gombaneni Kidogo, Kamera Ione

Mratibu wa amani alifika na kiti chake mwenyewe. Kiti cha kukunja, cha turubai, chenye mfuko pembeni wa kuwekea chupa ya maji. Alikikunjua katikati ya chumba cha ushonaji, baina ya cherehani na meza ya pasi, akaketi na kushusha pumzi kama mtu aliyetoka safari ya miguu. Gari lake lilikuwa limeziba mlango hata wateja hawana pa kupita.

"Akina mama," akasema, "nimekuja kujifunza kutoka kwenu."

Macho, aliyekuwa pembeni akishona vifungo kwenye mashati ya shule, hakuinua kichwa. Watu wa aina hii alishawaona. Hujifunza kwa kuongea. Wanaanza mlangoni, wanamalizia garini, na wakiondoka wamejifunza yaleyale waliyokuja nayo.

Jina la Macho alipewa na mama mkwe wake. "Huyu mke wa mwanangu," alilalamika bibi huyo siku za mwanzo za ndoa, "ukimpa chai anakutazama mpaka unajiuliza umeiba nini." Jina likamganda. Kweli, aliongea kidogo na kutazama sana.

Kama Mratibu angetaka kujifunza, angeuliza kwa nini shati moja linapita katika mikono ya watu watano. Mtaa ule umekatwa na mfereji wa maji machafu. Wa upande huu huitwa watu wa Juu, wa ng'ambo huitwa watu wa Chini, ingawa tofauti ya kimo ni ndogo hata maji yenyewe hayajui yaelekee wapi, yamekaa tu yananuka. Kwa tofauti hiyo watu walipigana. Wakati wa uchaguzi mkuu waliambiwa kwamba Juu ni wa chama hiki na Chini ni wa chama kile, na watu wazima wenye wajukuu wakaamini, wakatoka na mapanga. Wakubwa waliowaambia hivyo walikuja kupeana mikono, wakacheka pamoja kwenye picha ya gazeti. Mtaani zikabaki kuta zilizoungua.

Aliyeanza kuwarudisha watu pamoja ni Mama Pasi, mpiga pasi wa Chini, ambaye nyumba yake iliteketea. Hakuanza na hotuba. Alivuka mfereji na pasi yake ya mkaa, akaingia chumbani humu, wakati huo kikiwa cha wanawake wa Juu peke yao, akasema, "Nyinyi mna kazi ya sare na hamna wa kuzinyoosha. Mimi nina pasi, sina pa kuiweka." Tangu hapo kazi ikapangwa hivi: wa Chini anakata, wa Juu anaunga, wa Chini anatia kola, wa Juu anashona vifungo, kisha Mama Pasi ananyoosha. Shati haliwezi kuisha upande mmoja. Ukimnunia mwenzako, kola yake inakungoja palepale mezani, na mwenye sare yuko mlangoni anagonga.

Na kulikuwa na jambo moja Mama Pasi alilolikataza: siku ya moto haisemwi humu ndani. Si kwamba ilisahauliwa. Kila mtu alijua kuwa shemeji yake Macho, mdogo wa mumewe, alikuwa miongoni mwa walioichoma nyumba ya Mama Pasi. Shemeji huyo ni fundi wa kuezeka. Asubuhi moja alivuka na mabati begani, akapanda, akagongelea misumari mpaka jioni bila kuomba hata maji, akashuka akaenda zake. Mama Pasi alimtazama kutoka uani. Upatanisho wao ukawa ni huo. Haukuwa na wimbo wala fulana.

Kutoka chumba kile wanawake walianza kupita nyumba hadi nyumba, pande zote mbili. Walizunguka ofisi za serikali mpaka makarani wakawa wanajificha chooni wakiwaona. Walichodai ni kimoja: mwenyekiti wa mtaa achaguliwe na wakazi wenyewe, kwa kunyoosha mkono mkutanoni, asiletwe tena na wakubwa kama kifurushi. Hatimaye walikubaliwa. Mkutano ulikuwa Jumapili hiyo, na mtu wao alikuwa Mama Pasi. Ila kura za Chini peke yake hazikutosha. Ilibidi watu wa Juu wamnyooshee mkono mwanamke wa Chini, na Macho ndiye aliyekuwa akiwabembeleza, mlango kwa mlango, wiki baada ya wiki. Wengi waliahidi. Waliahidi huku wakitazama chini, lakini waliahidi.

Kwa hiyo Mratibu aliposema kuwa sherehe ya upatanisho itakuwa Jumamosi, na mgeni rasmi atakuwa Mheshimiwa Mwenyekiti, yuleyule aliyeletwa na wakubwa na ambaye Jumapili angegombea tena, Macho aliinua kichwa.

"Sisi tulishapatana," alisema.

"Safi sana, dada! Lakini nani ameona?" Mratibu akatabasamu kwa huruma, kama anayemweleza mtoto. "Amani isiyoonekana haina mfano kwa wengine."

Mama Pasi alitemea mate kidole, akagusa pasi ikalia chss. "Basi njoo uone," akasema. "Ukimaliza kuona, utuondolee gari mlangoni."

Jumamosi watu walijaa kwenye daraja la mbao. Mwenyekiti aliketi kivulini chini ya turubai la kukodi, suti nyeusi, tumbo mbele, akiitikia salamu kwa kidole kimoja. Kwa miaka yote aliyoongoza mtaa hakuwahi kuzibua mfereji, ila hakuna aliyejua kumzidi kusema "amani" kwa kuvuta: amaaani. Mpiga picha aliweka kamera yake kwenye miguu mitatu. Mratibu akashika kipaza sauti.

Watu wakaambiwa wapeane mikono. Wakapeana, kama wanavyopeana kila siku, na mmoja akachomekea, "Na ndoo yangu utarudisha lini?" Watu wakacheka. Mratibu hakucheka. Aliinama kwa mpiga picha wakanong'onezana, akarudi na uso wa mtu aliyetiliwa chumvi kwenye chai.

"Ndugu zangu, tatizo ni kwamba mnaonekana mmezoeana mno. Atakayetazama hataelewa mmetoka wapi. Ninawaomba tuigize. Tuigize siku ile. Gombaneni kidogo tu, kamera ione, halafu ndipo mkumbatiane."

Hata watoto waliokuwa wakirusha mawe mferejini waliacha.

"Mtu mzima na akili zake," Mama Pasi alisema polepole, "anatuomba tugombane ili tupatane."

"Ni mbinu, mama. Inaitwa kuponya kumbukumbu."

"Mimi kumbukumbu yangu haiumwi. Iache."

Lakini Mwenyekiti alikwishapiga makofi kule kivulini. Wazo lilimpendeza, na Macho aliona jinsi lilivyompendeza: alijiegemeza nyuma kitini, akapiga hesabu ya Jumapili kwa macho, Juu huku, Chini kule. Watu waliogombana leo, hata kwa mchezo, kesho wangenyoosheana mikono gani?

"Nani atajitolea?" aliuliza Mratibu.

Na nani mwingine kama si shemeji. Tangu siku alipopita nyuma ya mtangazaji kwenye taarifa ya habari, amebeba ngazi, alijiona mtu wa televisheni. Alijitokeza akijifuta vumbi suruali. "Mimi," akasema. "Mimi nilikuwepo. Nitaigiza sawasawa."

"Shemeji, rudi," Macho alimwambia kwa sauti ya chini. "Usitutie aibu."

"Niache, shemeji. Ni sanaa hii."

Sanaa! Mtu ambaye hata uongo wa kuchelewa nyumbani haujui kuutunga.

Akapewa kijiti kilichofungwa kitambaa. Mama Pasi akaombwa asimame mbele ya mlango wake, maana nyumba yake iko palepale ng'ambo ya daraja. Hakusogea kwa ajili yao. Alikuwa amekwisha kusimama hapo, kwa kuwa ni kwake. Shemeji akavuka daraja na kijiti, akasema kama mtoto anayesoma ubaoni, "Toka nje wewe mama."

"Kwa hasira, kaka!" Mratibu akaita. "Hatukuamini!"

"Toka nje!"

"Zaidi! Ulisema nini siku ile? Maneno yenyewe!"

Mara ya tatu shemeji aliyasema maneno yenyewe. Yalimtoka na sauti yake ya siku ile, si ya mchezo. Tusi la kwanza lilikuwa la Mama Pasi, la pili la watu wote wa Chini, na alipomaliza alikuwa anakitazama kijiti mkononi kama kilichoota hapo. Mtoto mmoja akaanza kulia. Vijana wa Chini waliokuwa wamekaa ukingoni wakasimama, mmoja baada ya mwingine. Upande wa Juu nao wakasimama, kwa sababu wale wamesimama.

"Nzuri sana," Mratibu akamnong'oneza mpiga picha. "Umeipata?"

Macho hakuwatazama vijana. Alimtazama Mwenyekiti. Mtu yule alikuwa ameridhika muda wote, mpaka pale Mratibu aliposema *maneno yenyewe*. Hapo alikaa wima. Kisha akaanza kutafuta kofia yake, na kofia ilikuwa kichwani. Sasa alikuwa akimkonyeza dereva wake alete gari. Macho hakujua chochote kuhusu Mwenyekiti na moto. Siku ile alikuwa amejifungia ndani na mtoto wa miezi miwili, godoro limezuia dirisha. Lakini aliwajua watu wanaotaka kuondoka.

Akapanda darajani, kati ya pande mbili, akaongea kwa sauti ambayo wengi walikuwa hawajawahi kuisikia.

"Mratibu, igizo lako halijakamilika. Shemeji yangu hakuja peke yake siku ile. Wenzake wako wapi? Shemeji, umesema utaigiza sawasawa. Hebu wapange watu. Nani alisimama wapi?"

Shemeji alimgeukia, jasho likimtiririka, na usoni akawa kama mtu aliyetupiwa kamba. Kuigiza sawasawa, hilo aliliweza. Kwa kijiti chake akaanza kuonyesha. "Mimi hapa. Yule fundi baiskeli, marehemu, pale. Na Mheshimiwa alisimama kule, kwenye nguzo, na dumu la mafuta ya taa. Akasema tuanze na nyumba ya huyu mama, maana ana mdomo mikutanoni." Akafikiri, akaongeza kwa uaminifu wa fundi, "Alikuwa amevaa kandambili."

Kisha mtu wa Juu, mzee kabisa, akasema kutoka nyuma, "Mheshimiwa, nenda basi ukasimame kwenye nguzo. Kamera inakungoja."

Aliyeanza kucheka hakujulikana. Kilikuwa kicheko kibaya, kisicho na furaha ndani yake, na kilitoka pande zote mbili. Vijana waliosimama kupigana hawakujua tena wampige nani, wakabaki wamekunja ngumi kama wajinga, na walikuwa wajinga. Mwenyekiti akasema huo ni uchochezi, akasema sheria, akasema amaaani. Halafu akaingia garini.

"Kata, kata," Mratibu alikuwa akisema. "Hiyo sehemu ya mwisho tutaitoa."

Mama Pasi hakucheka. Alimsogelea shemeji, akamnyang'anya kijiti, akakitupa mferejini.

"Ulikaa juu ya paa langu kutwa nzima," alimwambia. "Ukalijua hili, na hukuniambia."

"Mama, ulisema isisemwe."

"Nilisema ya kwako isisemwe. Ya kwake nilikuruhusu lini?"

Mama Pasi akamgeukia Macho, na Macho akadhani atashukuriwa.

"Na wewe mwanangu," akasema, "ungeniuliza kwanza. Hilo jeraha ni langu." Akaingia ndani, akafunga mlango. Macho alibaki darajani, maneno yakimchoma.

Jumapili Mwenyekiti alikuja mkutanoni. Watu wa aina yake huja. Alisema ya jana yalikuwa sanaa tu, na sanaa si ushahidi. Alipoketi, mikono ikaitwa kwa ajili yake, ikanyooka ya dereva na ya jamaa zake. Ilipoitwa ya Mama Pasi, Chini wote waliinua, na Juu wakaangaliana, kisha wakainua nao, wengi kupita walioahidi. Macho aliwatazama mmoja mmoja. Baadhi yao walikuwa wamelifuata dumu lile siku ile, bila shaka, na sasa walimnyooshea mkono mama wa watu kwa haraka ileile. Hakuwapenda hata kidogo. Aliinua mkono wake katikati ya mikono yao, akauacha juu mpaka wahesabuji walipomaliza.

Mama Pasi alisimama. Makofi yakapigwa, akangoja yaishe, uso umekaza.

"Kesho asubuhi ni mfereji," alisema. "Pande zote mbili. Sitaki kusikia nani anaanzia wapi. Atakayekuja na kamera, atapewa koleo."

Kisha akamwita Macho kwa kidole aje amshikie mkoba warudi chumba cha ushonaji, kwa kuwa mashati ya Jumatatu yalikuwa bado hayajanyooshwa.