Kishindo cha Ghorofa ya Tatu

Tihomir alinawa mikono mara tatu kabla ya kukaa kwenye kinanda chake cha umeme, kana kwamba anakwenda kupokea mtoto mchanga. Ilikuwa mikono ya mwenye bucha, minene, na kidole cha shahada kilikuwa na kovu la kisu. Miaka thelathini amekata nyama sokoni Novi Sad, Serbia, na hakuna mteja hata mmoja aliyejua kwamba akirudi nyumbani mikono hiyo inajifunza muziki. Mtu wa miaka hamsini na tisa, mgane, ataanzia wapi kuwaeleza?

Waliojua ni watu wa kwenye simu tu. Walikuwa arobaini na kitu, wote walioanza kinanda wakiwa tayari na mvi, na kundi lao waliliita Vidole Vizito. Kiongozi alikuwa Ljubinka, mwalimu mstaafu wa hesabu kutoka Subotica, na kanuni zake hazikuwa na masihara. Unajirekodi mara moja, hakuna kurudia. Kila anayetuma video anajibiwa neno moja tamu na neno moja la kweli. Na asiyetuma chochote mwaka mzima anatolewa, maana, alisema Ljubinka, hapa si mahali pa kuchungulia harusi ya watu dirishani.

Mwaka wa Tihomir ulikuwa unaisha Jumapili hiyo, saa kumi na mbili jioni.

Si kwamba alikuwa mvivu. Alijua kutoa maneno matamu kwa wenzake kuliko mtu yeyote pale. Lakini kila akikiona kile kidoa chekundu cha kurekodi, vidole viligoma. Alikuwa akiogopa, basi. Na sasa aliogopa zaidi kuwapoteza, kwa sababu tangu mkewe afariki hakuna mwingine aliyekuwa akimuuliza, "Leo umepiga nini?"

Saa kumi na moja na nusu akaiegemeza simu juu ya rafu, ikatazama vitufe kutoka juu. Saa za mapumziko ya jengo, ambazo kelele ni marufuku hadi saa kumi na mbili, zilikuwa hazijaisha, kwa hiyo akachomeka hedifoni kama kawaida yake, akavuta pumzi, akapiga. Ulikuwa wimbo mfupi wa kuchezea dansi. Alikosea mahali pamoja, karibu na katikati, lakini hakusimama. Kutoka chini, Bi Desanka wa ghorofa ya pili aligonga dari kwa mpini wa ufagio, kama afanyavyo siku zote. Tihomir hakumsikia. Alimaliza, akatuma, akajimiminia kikombe cha kahawa huku akitabasamu peke yake.

Jibu la kwanza lilitoka kwa fundi bomba wa Niš. "Kaka, neno la kweli kwanza. Hapo unapiga kinanda au unaponda nyama?"

Tihomir akaifungua video yake mwenyewe. Tok, tok, tok. Vitufe vikigonga mbao, basi. Muziki wote ulikuwa umeishia masikioni mwake, ndani ya hedifoni, na kundi zima lilikuwa limeletewa kishindo.

"Na huyo anayegonga huko chini ni nani?" akauliza mwingine. "Neno tamu ni lake, anashika mapigo kuliko wewe."

Walicheka, na kicheko chao hakikuwa kibaya, lakini Tihomir alihisi uso ukimuwaka. Zilibaki dakika kumi na tano, na video isiyo na wimbo aliona ni sawa na kutotuma kitu. Kurudia haikuruhusiwa, na yeye hakuwa mtu wa kuomba upendeleo. Ljubinka alikuwa ameiona video, na alikuwa kimya. Tihomir akaanza kuandika kwaheri, akafuta, akaandika tena.

Kabla hajaituma, sauti ikaingia kundini, kutoka kwa Ljubinka. Akaifungua.

Ilikuwa dansi yake. Polepole, na ile hatua ya kusitasita mwanzoni, yake kabisa. Ilipofika karibu na katikati, kosa lake nalo likaja, mahali pale pale, kwa kitufe kile kile.

"Nimefuata vidole vyako kimoja kimoja," aliandika Ljubinka. "Neno la kweli, kidole chako kidogo kinakimbilia kitufe kisicho chake, na kosa lako nimelipiga kama lilivyo ili lisipotee. Neno tamu, kwa mikono mikubwa namna hiyo, unagusa kwa upole sana. Kanuni inasema kutuma. Haikusema kusikika. Umebaki. Ila mara ijayo chomoa huo waya, mtu mzima wewe."

Tihomir alilia kidogo, akajifuta kwa taulo la jikoni.

Saa kumi na mbili kamili mlango uligongwa. Bi Desanka, na ufagio bado mkononi.

"Jirani, mapumziko nimekuachia yapite, sasa nizungumze. Miaka miwili unaponda nyama juu ya kichwa changu. Miaka miwili, hata sahani moja hujawahi kuniteremshia. Nikasema huyu anakula na nani?"

"Si nyama, Bi Desanka."

"Ni nini basi?"

 Tihomir alimvutia kiti, akarudi kwenye kinanda, akachomoa waya. Safari hii hakukuwa na kidoa chekundu chochote. Akapiga dansi yote toka mwanzo, chumba kikajaa, na karibu na katikati kidole kidogo kikakimbilia kule kule.

Alipomaliza, Bi Desanka alikuwa ameuegemeza ufagio ukutani.

"Pale katikati umekosea," alisema.

"Najua."

"Hebu rudia."

Kundini hakuna kurudia. Tihomir alirudia.