Ubao Uliomo Baruani

…na neno lenyewe hili hapa, katikati ya ukurasa, kidole chake cha seremala, kile kilichokatwa ncha na msumeno, kimelikandamiza kana kwamba litatoroka, snowboard, nomino, ubao mpana ambao mtu husimama juu yake, miguu imefungwa, akateleza mlimani penye theluji, na chini yake, hutumika pia kama kitenzi, kuteleza kwa ubao huo, kitu na tendo lake chini ya paa moja… "Fundi, umelipata au umelala?" mkewe anauliza kutoka jikoni, kisu kinagonga, kitunguu, "tangu ununue kamusi hiyo mimi nimekuwa mke wa pili humu ndani!" naye anajibu, "Ngoja, mama, naelewa polepole," anaelewa, ole wake, anaelewa yote, barua iko pajani, imekunjwa mara nne kwa miaka kumi na miwili, na siku ilipofika yeye hakujua a wala be, wala hapana aliyelijua hilo, hata mwanawe, kwani karakanani alipima kwa fito zenye mikato, wakadhani ni madaha ya ufundi, basi akaiinua karatasi machoni, akatikisa kichwa kisomi, akasoma hewa, "Anasalimu, hajambo, anasema kuna baridi," na mkewe akacheka, akaikumbatia karatasi… kumbe mwana aliandika, Baba, ulinifukuza kwa kuikataa randa, sasa ninaishika, nimeunda snowboard, tabaka kwa tabaka, gundi na jiliwa la kubania mbao kama ulivyonifundisha, ukiniambia njoo nitarudi kabla theluji haijaanguka, usiponijibu nitajua hasira haijakuisha, nitabaki niijaribu… hayo mengine ameyasoma mwaka huu, baada ya kujifundisha kwa vipande vya magazeti vilivyofungiwa misumari, neno hili moja tu lilimgomea, akajipa moyo kwamba labda ni meza, labda ni mtumbwi, chochote kisicholeta kifo, kwa maana simu iliyofuata ilisema ameteleza mlimani, na yeye aliwauliza waombolezaji, mtu mzima huteleza vipi hata akafa, na hakuna aliyemjibu, na sasa kamusi imemjibu… "Tena," mkewe yuko mlangoni, anafuta machozi ya kitunguu kwa kiwiko, "si uliniambia ni salamu tu? Salamu gani zenye neno gumu hivyo?" na kidole kiko palepale, na harufu ya kitunguu ni ileile, ila huko juu, kwenye weupe asioujua, kijana amesimama juu ya ubao wake, miguu imefungwa, anageuka nyuma, anasubiri neno moja, njoo, neno jepesi, herufi nne, hata yeye angeweza kufundishwa kuliandika kwa jioni moja, angeomba tu… "Ni ubao," anasema, "aliuunda mwenyewe. Kaa, mama. Weka kisu chini, ukae. Nikusomee barua ya mwanao, safari hii naisoma kweli."