Mwenyekiti wa Muda wa Siku Zote

Jumamosi ile Kokuberwa alipiga pasi gauni lake la kitenge mara mbili, na bado alikuwa analitazama kana kwamba lina kosa. Binti yake, Hope, alikuwa mezani anakunywa chai. Alimwangalia mama yake akizunguka sebule, mara afunge mkufu, mara aufungue, mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Mama, si mkutano tu wa Umoja? Mbona kama unaenda kuolewa?"

"Kunywa chai yako."

"Au mwaka huu unagombea?"

Kokuberwa alijifanya anatafuta viatu, na viatu vyenyewe vilikuwa miguuni. Hope alicheka, kisha akaacha, kwa sababu aliona mama yake hacheki.

"Utashinda," alisema kwa upole. "Nani asiyekupenda pale?"

Tatizo lenyewe lilikuwa hapohapo, katika kupendwa, ila asubuhi ile mama na binti hawakuliona.

Kokuberwa alikuwa mama wa makamo, Mhaya aliyekuja Dar kusomea upimaji wa macho, akaolewa, akafungua duka la miwani Tabata, na habari ya kurudi kwao ikaishia kwenye likizo za Desemba. Umoja wa Wapima Macho ulikuwa chama chake tangu ujana. Kila baada ya miaka mitatu Umoja ulifanya uchaguzi, na siku hiyo viongozi waliomaliza muda wao walishuka kutoka meza kuu, wakaketi na wenzao. Hapo wajumbe huteua mwenyekiti wa muda. Huyo husimamia uchaguzi, hutangaza mshindi, humkabidhi kipaza sauti, kisha hurudi kwenye kiti chake cha plastiki kama mtu aliyeshikia mtoto wa jirani.

Kazi hiyo inataka mtu asiye na kundi, asiye na ugomvi, ambaye akisema umeshindwa unamwamini. Katika Umoja ule mtu huyo alikuwa Kokuberwa, uchaguzi nenda, uchaguzi rudi. Alikuwa mwangalifu mpaka kero. Majina ya wagombea aliyaandika ubaoni mwenyewe, yote kwa herufi za kimo kimoja, maana alisema hakuna watu wanaojua nguvu ya herufi kubwa kuliko wapima macho.

Na kwa kuwa kanuni ilimkataza msimamizi kugombea na kupiga kura, mama wa watu alikuwa hajapiga kura hata moja tangu kanuni hiyo ipite, katika chama alichokitumikia nusu ya maisha yake. Kanuni yenyewe aliileta yeye. Zamani bwana mmoja aitwaye Edgar alisimamia uchaguzi, akazihesabu kura, akajitangaza mshindi, yote kwa pumzi moja. Watu walicheka, halafu wakagombana karibu mwaka mzima. Tangu hapo Kokuberwa akahakikisha mambo ya namna ile hayajirudii.

Sasa alikuwa anautaka uenyekiti. Ningependa kukwambia kwamba aliutaka kwa ajili ya watoto wa shule wasioona ubao, na ni kweli mipango hiyo alikuwa nayo, mingi tu. Lakini kwanza kabisa aliutaka kwa sababu aliutaka. Alitaka kukaa pale mbele asubuhi hadi jioni, na kesho yake, na mwaka ujao, pasipo kuambiwa asante mama, sasa unaweza kurudi. Alijionea aibu kwa tamaa hiyo, kana kwamba ameiba kitu.

Hakuweza kuisema, maana pale Umoja mtu hajitaji mwenyewe. Jambo hilo halikuandikwa popote, lakini anayesimama na kusema naomba uongozi anaonekana ana njaa. Sharti utajwe na mwenzako, nawe ushtuke kidogo, useme jamani mnanionea, kisha ukubali. Kwa hiyo alikuwa amemfungulia moyo mtu mmoja tu, Bahiya, shoga yake mwenye duka Kinondoni, mwanamke wa maneno machache na makali.

"Nitakutaja mie," Bahiya alimwambia. "Wewe kazi yako kushtuka tu."

Mkutano ulifanyika Kinondoni, kwenye ukumbi wa kukodi wenye mapazia ya harusi ambayo hakuna aliyejisumbua kuyatoa. Kokuberwa alikaa safu ya tatu na Bahiya ubavuni. Mzee Gaudens, mwenyekiti aliyekuwa anaondoka, alisoma taarifa yake ndefu, akashukuru, akashukuru tena. Katikati ya shukrani simu ya Bahiya ikatikisika. Alikuwa ni mwanawe Aiman, aliyeachiwa duka, mteja anamfokea kuhusu fremu iliyovunjika. Bahiya akanong'ona, "Nakuja sasa hivi," akatoka nje.

Basi Mzee Gaudens naye akamaliza.

"Kamati yangu imevunjwa rasmi," alisema. "Naomba jina la mwenyekiti wa muda."

Nasser alisimama hata kabla mzee hajafunga mdomo. Nasser alikuwa mfanyabiashara wa miwani tangu enzi za babu yake, mtu mkarimu, mcheshi, anayependa mambo yaende.

"Mheshimiwa, tusipoteze muda. Yule yule wetu. Mama Hope."

"Naunga mkono," wakajibu watu kumi kwa mkupuo, na ukumbi ukapiga makofi. Yalikuwa makofi ya upendo kabisa, na nasema hivyo ili usimchukie mtu.

Kokuberwa alisimama. Alisimama ili aseme hapana. Lakini hapana lazima ifuatwe na sababu, na sababu ilikuwa ni kujitaja. Aligeuka kuutazama mlango, Bahiya hayupo. Nyuso zote zilikuwa zinamtabasamia. Miguu, ambayo iliijua njia ile kuliko yeye, ikamfikisha mbele. Alichukua kipaza sauti kutoka kwa Mzee Gaudens, akafungua mdomo, na kilichotoka ni, "Asanteni kwa kuniamini."

Alikaa. Alijisikia vibaya mno, vibaya kiasi cha kutaka kulia mbele za watu, na huku akaanza kusoma kanuni kwa sauti ile ile ya siku zote. Msimamizi hatagombea, wala hatapiga kura. Alikisoma kifungu hicho vizuri, kwa kituo, kama alivyozoea.

"Napokea majina ya uenyekiti," alisema.

Likatajwa jina la Nasser, naye akashtuka ipasavyo. Likatajwa la Brightson, kijana wa hospitali moja kule Bunju, msomi, mpole. Kokuberwa aliyaandika ubaoni, kimo kimoja. Wakati huo mlango ukafunguliwa, Bahiya akaingia. Alitazama kiti kitupu cha safu ya tatu, akamtazama shoga yake pale mbele na kalamu mkononi, akaelewa. Hakurudi kukaa.

"Nina jina," alisema akiwa bado mlangoni. "Kokuberwa."

Watu wakageuka. Mmoja akadhani ni utani, akacheka peke yake.

"Dada Bahiya," Kokuberwa alisema polepole, "mie ndiye msimamizi."

"Naona. Na mie nimekutaja. Andika."

Kalamu ilikuwa karibu na ubao. Ukweli ni kwamba mkono wake ulikwenda, ukaandika K, ya kimo kile kile cha majina mengine, kabla hajauambia chochote. Ukumbi wote uliiona ile K. Mzee Gaudens akasimama kwa msaada wa kiti cha mbele yake.

"Jamani, kanuni ni zetu wenyewe," alisema. "Tunaweza kuiweka pembeni leo. Mama huyu katutumikia sana. Mie naona apite bila kupingwa."

"Apite," sauti kadhaa zikasema. Nasser naye alikuwa ameshasimama, ametandaza mikono kama mtu anayempisha mgeni mlangoni. "Mie najitoa mara moja. Kwa Mama Hope, najitoa."

Kilikuwa pale, anachokitaka, mezani, kimeshamenywa. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu. Kokuberwa alimtazama Brightson. Kijana alikuwa anatazama magoti yake, na mtu wa pembeni alikuwa anamgusa bega ajitoe upesi. Alimfahamu mtu anayeguswa bega vile. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka kuguswa na ukumbi mzima nusu saa iliyopita.

Alichukua kifutio, akaifuta K.

"Jina halipokelewi," alisema. "Msimamizi hagombei. Bwana Nasser, kaa, hakuna aliyekuruhusu kujitoa. Bwana Brightson, unabaki. Tunagawa karatasi."

Bahiya alisonya, sonyo refu, likasikika mpaka jikoni walikokuwa wanaandaa pilau. Lakini karatasi hazikugawiwa, kwa sababu Nasser hakukaa. Uso wake wa ucheshi ulikuwa umebadilika.

"Mama Hope, samahani. Kwani ulikuwa unautaka?"

Swali hilo halikuwa kwenye ajenda. Angeweza kulikataa kwa kugonga meza. Kokuberwa aliweka kalamu chini.

"Ndiyo," alisema. "Nilikuwa nautaka. Nautaka miaka mingi, Nasser. Leo nimepiga pasi gauni mara mbili."

Akaugeukia ukumbi mzima.

"Sie kutwa tunawawekea watu vioo machoni tunawauliza, hiki au hiki? Kipi bora? Hatuchoki kuuliza. Mie kila uchaguzi mnanishangilia, mnanileta huku mbele, na hata siku moja hakuna aliyeniuliza kama nataka. Siwalaumu. Na mie sikusema. Naona aibu hata sasa, lakini bora niione nikiwa nimeshasema. Haya. Karatasi zigawiwe."

Zikagawiwa. Watu walipiga kura kimya kimya kama walio msibani, wakazikunja, wakazitia kwenye boksi. Kokuberwa alihesabu mbele ya macho yao, akainua kila karatasi juu, akaisoma, akaiweka upande wake. Nasser alishinda. Brightson alimkaribia, akampa mkono, na watu wakampigia makofi marefu kijana, labda kwa sababu walitaka kumpigia mtu makofi mazuri siku ile.

Kokuberwa alimkabidhi Nasser kipaza sauti na kurudi safu ya tatu. Bahiya hakumtazama. Alimshika mkono tu, akaubana kwa nguvu, pete zake zikamuumiza Kokuberwa vidole, na wote wawili hawakuachia.

Harufu ya pilau ilikuwa imeshaingia ukumbini walipofika kwenye mengineyo, kile kipengele cha mwisho ambacho kwa kawaida hutumika kulalamikia maegesho. Kokuberwa akanyoosha kidole. Kwa muda Nasser hakumwona, maana hakuzoea kumtafuta upande ule.

"Nina pendekezo, mwenyekiti," alisema. "Kuanzia leo, mtu yeyote anayependekezwa kwa kazi yoyote ya Umoja, kabla watu hawajaunga mkono, kabla ya makofi, aulizwe kwanza kama anataka. Na akisema hapana asiulizwe kwa nini."

"Naunga mkono," alisema Brightson upesi.

Nasser akaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Kokuberwa alikuwa wa kwanza. Ilimchukua sekunde kadhaa kutambua kwamba anapiga kura. Aliuacha mkono juu muda mrefu, hata baada ya wengine kushusha, na Nasser alisubiri, hakumharakisha.

Pendekezo likapita. Ikabaki nafasi moja ya kujaza, ya mkuu wa kamati ya maadili, kazi ya kusuluhisha wapima macho wanaoibiana wateja, isiyo na sifa wala posho. Ukumbi ulihitaji mtu mwadilifu na ulikuwa na njaa.

"Mama Hope," akasema mtu wa nyuma.

"Mama Hope," wakaitikia wengine, na viganja vikaanza kupanda.

Nasser alinyoosha mkono kuwazuia. Ilionekana imemgharimu kidogo, maana yeye ni mtu wa kupenda mambo yaende.

"Subirini. Tumepitisha kitu hapa dakika tano zilizopita." Akamgeukia. "Mama Hope, unataka?"

Kokuberwa alisimama. Nyuso zile zile zilikuwa zinamtabasamia, na za wengine zilikuwa na wasiwasi, kwa sababu asipokubali yeye, kazi ile itamwangukia nani?

"Hapana," alisema.

Alikaa. Kisha akasimama tena, maana alikumbuka bado hajamaliza.

"Miaka mitatu ijayo nitagombea uenyekiti. Najitaja mwenyewe. Mtafute mtu mwingine wa kusimamia."

Bahiya ndiye aliyeanza kupiga makofi.