Kura ya Bibi Hermitas

Jina langu lilitoka kwenye droo ya bahati nasibu ya uchaguzi, nikawa msimamizi wa meza ya kura katika shule ya kijiji chetu, Outeiral. Huwezi kukataa, ukikataa unashtakiwa. Mama alicheka hadi akakaa chini. "Wewe? Hata mkate unaagiza kwa kunong'ona!"

Don Evaristo Lourido alikuwa meya tangu sijazaliwa. Nusu ya kijiji ni watoto wake wa ubatizo, nami nimo. Baba yangu anafagia barabara kwa hisani yake. Na ni yeye aliyekataa kila mwaka kufukua shimo la njia ya makaburini, alimotupwa baba yake bibi yangu alipouawa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. "Tusitoneshe vidonda," alisema, kisha akamwaga lami juu yake ili watu waegeshe magari.

Siku ya kura, baada ya misa, basi lake lilileta wazee kutoka makao ya wazee anayoyamiliki. Kila mmoja alishika bahasha iliyokwisha kufungwa, kura ikiwa ndani. Wa kwanza, kashikwa kiwiko na Don Evaristo mwenyewe, alikuwa Bibi Hermitas, bibi yangu. Siku hizi kuna asubuhi anazoniita kwa jina la dada yake marehemu.

"Umependeza hapo, mwanangu," alisema meya. "Mpokee bibi, ana baridi."

"Bahasha kapewa na nani?" nikauliza.

"Na mimi. Haoni vizuri, mimi ndiye mtu anayemwamini."

Ramiro mwoka mikate, tuliyekaa naye mezani, akanikanyaga mguu. "Pokea, msichana, usituharibie chakula cha mchana."

Bibi akageuza kichwa. "Nani huyu ananibana mkono?"

"Ni Evaristo, bibi," nilimjibu.

"Evaristo wa lami?" Akaitupa bahasha sakafuni kama kitu kilichooza.

Meya akacheka. "Kachanganyikiwa, maskini." Akainama, akaiokota, akaanza kumfumbatisha vidole kwa nguvu, kimoja kimoja.

Nilisimama. Masikio yalikuwa yanawaka.

"Mwachie! Hapa nasimamia mimi. Toka nje."

Polisi wa mlangoni alitazama viatu vyake.

"Kesho baba yako atahitaji kazi," Don Evaristo alisema taratibu.

"Leo wewe unahitaji kutoka. Au niandike kwamba polisi naye amekataa kazi?"

Polisi akakohoa, akafungua mlango. Meya alitoka akitabasamu, na tabasamu lile lilinitia hasira kuliko kitisho chake.

Bibi aliingia peke yake kwenye kibanda cha kupigia kura, akakaa humo mpaka Ramiro akaanza kuguna. Akatoka na bahasha nyingine. Alichotia ndani sikijui, wala hakuna anayepaswa kujua.

"Hermitas Rial," nilitangaza, nusu nikipiga kelele, "amepiga kura!"

Aliyemfuata alikuwa mzee mwenye fimbo. Nilimwonyesha kibanda. Akatikisa kichwa, akaninyooshea bahasha ya meya.

"Wewe pokea tu, binti. Mimi jioni narudi kulala kwake."

Niliipokea. Nikaisukumiza sandukuni kwa ghadhabu, na foleni ilikuwa imefika hadi uwanjani.