Sombe Mbili Mbele ya Mzee Kasimu

Kila mwanachama wa Muungano wa Chakula cha Kwetu, kutoka Kasongo hadi Kabambare, aliijua sheria: anayetia chunguni kiungo cha dukani atatwanga mpunga wa karamu inayofuata, sokoni, mchana kweupe, na mpita njia yeyote ana ruhusa ya kumcheka. Kifungu cha pili kiliongezwa na Mzee Kasimu wa Kabambare, mwonjaji mkuu, aliyeusadiki ulimi wake kuliko kitu chochote duniani: anayekisifu chakula cha namna hiyo, naye atashika mchi.

Mama Anastasie aliipigia sheria hiyo makofi kuliko wote. Muungano ndio uliomtoa katika kibanda chake nyuma ya soko la Kasongo ukamfanya mpishi wa kila karamu, hata harusi za Wakristo na za Waislamu zikawa hazifungwi bila sombe yake, mboga ya majani ya muhogo. Lakini katika fundo la kitenge chake vililala vidonge vya mchuzi, vile vya mraba vinavyofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Kila mara alikusudia kuviacha. Kila mara alionja, akakunja uso, akafungua fundo.

Katika karamu ya mavuno alipangiwa mpishi mwenzake, Mama Ernestine, mkulima wa kijiji cha Wamaza. Huyo alishuka kwenye pikipiki akiwa na matope hadi magotini, amekumbatia kibuyu cha chumvi aliyoipata kwa kuunguza maganda ya ndizi, kuyachuja majivu yake kwa maji, na kuyachemsha maji hayo mpaka yakakauka.

Sufuria zote mbili za sombe zilitengwa mbele ya Mzee Kasimu. Alianza na ile ya Anastasie, akafumba macho.

“Eee! Hii ndiyo sombe ya mama yangu! Mutu asinisemeshe.”

Wanachama wakazivamia sahani, wakasifu kwa sauti moja kama kwaya ya Pasaka. Kisha mzee akaonja ya Ernestine, akaitema.

“Hii iko na vitu ya duka! Ulimi yangu haidanganywake!”

“Papa Kasimu,” akajibu Ernestine, “duka ya kwetu Wamaza inauzaka sabuni na misumari tu. Nilitia nini, musumari?”

“Na mudomo iko nayo! Atatwanga!”

Anastasie aliinamisha kichwa. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Jina lake, harusi zake na jiko lake vitabaki salama. Ernestine hakulia. Alikiziba kibuyu chake kwa jani la mgomba, akauliza tu kinu kiko wapi.

Swali hilo lilimshinda Anastasie. Alifungua fundo, akazimwaga karatasi zenye kung'aa mezani.

“Kinu ni yangu. Vitu ya duka iko mu sufuria yangu. Huyu mama hana kosa.”

Ndipo katibu Emile, mtu wa kushika sheria kama ilivyoandikwa, akakohoa.

“Mzee, na kifungu ya pili?”

“Kifungu gani?”

“Ile yako.”

“Lakini sisi wote tulisifu!” alilia mtu kutoka nyuma.

“Basi mutafute vinu mingi,” akasema Ernestine.

Siku ya soko, Muungano mzima ulitwanga. Wachimbaji dhahabu wa Lusangi walisimamisha pikipiki zao wacheke vizuri. Kanzu ya Mzee Kasimu ilijaa pumba, viganja vyake vikatoka malengelenge. Anastasie, aliyekamata mchi kabla ya wote, aliulizwa na kila mpita njia kama mchi huo nao ulitoka dukani. Katikati ya dhihaka hizo alimkodolea macho Ernestine aliyekuwa akichuja majivu kando yake, apate kujifunza.

Mpunga wa mwisho ulipopepetwa, Ernestine aliwapakulia sombe ya chumvi ya majivu. Mzee Kasimu alionja. Nyusi zake zikapanda, kinywa kikafunguka ili kusifu. Akakitazama kinu.

Alifunga kinywa, akasukuma sahani mbele aongezewe.