Jibu la Kiungio

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, taa ya mwisho kwenye skrini ya chumba cha mitandao iligeuka kutoka njano kuwa kijani. Mbunifu wa mtandao aliiandika saa hiyo kwenye fomu na kupiga mstari chini yake.

"Haya, mtoto kazaliwa," alisema Babu Waya, fundi aliyebakiza miezi mitano kustaafu. "Analia?"

"Halii. Yuko kijani."

"Mtoto asiyelia ndiye wa kumwogopa, Madamu."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Katika mtandao wa aina hii, kila furushi la data hubandikwa lebo linapoingia. Mitambo iliyo njiani haisomi kilichomo. Husoma lebo tu, huibadilisha na kulisukuma mbele. Njia ya lebo huenda upande mmoja, kwa hiyo anayetaka kujibiwa hujenga njia mbili. Safari hii njia zote mbili zilivuka mitandao ya kampuni mbili. Kila moja ilikuwa vipande viwili vilivyopaswa kufungwa pamoja kwenye mtambo wa kati, ambao mafundi waliuita kiungio.

Njia ya kwanza ilibeba vipimo kutoka machimbo ya mawe, ambako rada ilitazama ukuta wa mwamba usiku na mchana, hadi kituo cha wapimaji kilichokuwa mji mwingine. Ya pili ilibeba amri kutoka kituoni kurudi machimboni. Amri ilikuwa moja tu: king'ora kilie, watu watoke. Zamani langoni kulikuwa na kitufe cha mkono pia, lakini kiling'olewa mwaka uliopita baada ya kubonyezwa kwa makosa mara tatu.

Chini ya ukuta huo kaka yake mbunifu, wa tumbo moja, aliendesha kijiko, mashine ya kuchimbia. Namba yake ya kazi ilikuwa 31. Asubuhi hiyo, kabla ya kuingia, alimpigia mbunifu.

"Mdogo wangu, hizo nyaya zako zimekwisha?"

"Si nyaya, kaka. Ni lebo."

"Lebo ziko kwenye chupa za dawa. Mimi nataka king'ora."

"Saa nne na nusu kitakuwa kwenye njia mpya."

"Haya. Naiacha simu, mlinzi ananikodolea macho."

Simu hazikuruhusiwa chini kwa sababu ya baruti. Zilibaki kwenye boksi la mbao langoni, na kila aliyeingia alitundika ubaoni kibao chenye namba yake. Akitoka, alikichukua.

Wiki saba kabla ya hapo, waraka wa mbunifu ulijadiliwa kikaoni. Katika majaribio, mtambo wa kampuni ya pili ulichelewa kujibu, na kati ya maombi ishirini ya kuunganisha, kumi na moja yalikufa kwa kupitiliza muda. Mbunifu aliamua kwamba kiungio kijibu "tayari", jibu linalowasha taa ya kijani, mara tu kinapopokea ombi, kisha kimalizie chenyewe kufunga kipande cha pili. Majaribio ishirini yaliyofuata yalipita yote.

"Na kikishindwa kufunga baada ya kusema tayari?" aliuliza Babu Waya.

"Kitajaribu tena."

"Kikishindwa tena?"

"Babu, hilo halijatokea hata mara moja."

"Sijauliza kama limetokea."

Watu walicheka. Zilibaki dakika kumi, na wajumbe wa kikao kingine walikuwa wameshaanza kuchungulia mlangoni. Waraka ulipitishwa. Ndani yake hakukuwa na ujumbe wowote wa kufuta jibu lililokwisha kutolewa.

Saa nne na nusu mbunifu alimpigia mpimaji aliyekuwa zamu kituoni.

"Vipimo vinafika?"

"Vinafika, safi kabisa."

Fomu haikudai jaribio lingine. King'ora hakikulizwa, kwa sababu kukiliza kungesimamisha kazi kwa saa nzima, na machimbo yalikuwa yameomba kisilizwe. Saa nne na dakika arobaini njia za zamani ziliondolewa.

Saa nne na dakika hamsini na moja mpimaji alipiga simu.

"Madamu, ukuta unatembea. Milimita kumi na nne tangu saa nne na nusu, na unazidi. Nimetuma amri, king'ora hakijibu. Ofisi ya machimbo simu inaita tu."

"Kwangu hapa ni kijani."

"Sikukuuliza rangi, dada yangu. Narudia amri kila sekunde kumi. Watu wako chini."

Babu Waya hakuitazama skrini ya taa. Aliingia kwenye kiungio chenyewe na kusoma kumbukumbu zake kwa sauti, bila kuipandisha wala kuishusha.

"Ya vipimo, imefungwa. Ya amri, imekataliwa. Saa nne na dakika kumi na mbili. Namba ya lebo tuliyoomba kampuni ya pili walishampa mteja mwingine. Kimejaribu tena mara mia mbili na hamsini, namba ileile."

"Omba namba nyingine."

"Hiki hakiombi nyingine mpaka kivunje kwanza ombi hili, na kuvunja ni mpaka wao waidhinishe. Nawapigia. Wewe mpigie kaka yako."

"Simu yake iko langoni."

"Ndiyo maana nakwambia upige."

Iliita mara sita.

"Simu ya thelathini na moja," alisema mlinzi wa lango. "Mwenyewe yuko chini."

"Mimi ni mdogo wake, wa mitandao. Ukuta unaanguka na king'ora ni kibovu. Kimbia ukawatoe."

"Dada, siruhusiwi kuacha lango."

"Ubaoni kuna vibao vingapi?"

Mlinzi alihesabu. "Tisa."

"Kuna watu tisa, na hakuna mwingine wa kuwaambia."

Mlinzi hakuikata simu. Mbunifu alisikia ikiwekwa juu ya mbao, kisha hatua za viatu vizito juu ya kokoto, zikipungua. Barabara ya kushuka hadi chini ilikuwa na urefu wa kilomita moja na robo. Ilikuwa saa nne na dakika hamsini na tano.

Nyuma yake Babu Waya alikuwa akizungumza na kampuni ya pili. "Hapana, mwanangu, sina namba ya ombi. Nina watu tisa. Andika hiyo."

Saa tano na dakika tatu, ndani ya simu, ulisikika mngurumo kama wa lori linalomwaga mawe, ila wa lori hukoma. Huu uliendelea kwa sekunde arobaini na moja. Simu za chumba hicho hurekodiwa, na baadaye muda huo uliingizwa kwenye taarifa.

Saa tano na dakika sita kampuni ya pili iliidhinisha. Babu Waya alilivunja ombi, akaomba namba mpya, akaipata. Amri iliyokuwa ikirudiwa ilipita mara moja. Mbunifu alikisikia king'ora kupitia simu ya kaka yake, kikilia kwa nguvu zote, bila dosari. Kwenye skrini hakuna kilichobadilika. Taa ilikuwa kijani tangu mwanzo.

Saa tano na dakika ishirini na mbili mlinzi aliichukua simu.

"Wametoka saba," alisema, akihema.

"Vibao vilivyobaki ni vya nani?"

"Namba kumi na tisa."

"Na kingine?"

"Dada."

"Soma namba."

"Thelathini na moja. Alikuwa ndani ya kijiko, madirisha yamefungwa, mashine inanguruma. Nilivua shati nikampungia. Aliniona. Na yeye akanipungia mkono, akaendelea kuchimba."

Mbunifu aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa, pamoja na saa. Babu Waya alivuta kiti karibu yake na kukaa.

Saa tisa na dakika kumi alasiri waokoaji walikifikia kijiko, na daktari wa machimbo akathibitisha vifo viwili. Saa tisa na dakika ishirini na tano mlinzi aliondoa kibao namba 31 ubaoni, akakiweka ndani ya boksi, juu ya simu.