Nani Kakushonea?

Kifungo cha pili cha shati la mume wangu kilidondoka Jumapili. Nakumbuka, kwa sababu nilikiona kikibingirika chini ya kabati, nikajiambia nitakiokota, sikukiokota. Jumatatu mwenyewe akalibeba shati pamoja na nguo zetu zote za wiki, akazipitisha kwa dobi akienda kazini, kama kawaida yake. Jumanne ya wiki iliyofuata ameketi mezani anakunywa chai, shati ni lilelile, na kifungo kipo.

Nilizunguka kama natafuta sukari, nikaangalia vizuri. Uzi ulipitishwa msalaba, na chini ya kifungo ukazungushwa mara tatu, kikasimama kama kina shingo. Mume wangu ni mtunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mfuko wa saruji anauweka begani peke yake, lakini akishika sindano utadhani kashika nge.

"Nani kakushonea?"

Akajitazama kifuani, akatabasamu. "Si wewe?"

"Mimi?"

"Nilitaka kukushukuru, nikasahau."

Nilipochungulia chini ya kabati, kifungo chetu kilikuwa bado kimelala palepale na vumbi lake.

Mimi nakaa dirisha la mapokezi kwenye zahanati, mwaka wa kumi na moja huu. Watu huja na maneno ya asali wakitaka kuruka foleni: dada umependeza, dada Mungu akuzidishie. Nawajibu wote neno moja, subiri. Najua wananiita Bibi Subiri, wao wanadhani sijui. Kazi hiyo imenifunza kwamba mtu hakufanyii wema bure. Akikunyooshea mkono mmoja, angalia wa pili umeshika nini.

Nikapiga hesabu zangu. Ijumaa mchana mume wangu huchukua nguo kwa dobi, huziweka stoo mpaka jioni. Mchana kutwa mfuko wetu unalala pale dukani, na pale kuna keshia. Sijawahi kuonana naye, ila nikipiga simu ya duka yeye ndiye anayepokea, na sauti yake inacheka kabla hujasema shida yako. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, sembuse mtunza stoo.

Dobi hata hakunijia akilini. Kazi ya dobi ni kufua na kupiga pasi. Tena mzee yule mwaka jana aliniunguzia kola ya gauni, nikaenda nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, na tangu siku ile sijakanyaga kwake. Mtu uliyemtukana vile atakushonea sanda, si kifungo.

Za mwizi arobaini, lakini mimi, pamoja na jina langu, sina subira ya kufika arobaini. Jumapili nikachukua mkasi, nikakata kifungo cha mkono wa kulia wa shati lake la bluu, nikakitia kwenye pochi. Ijumaa jioni aliporudi na mfuko niliufungua kabla hajavua viatu. Shati la bluu lilikuwa juu kabisa. Kifungo kipo, uzi wa bluu, shingo mara tatu.

Nikamtupia mapajani. "Mwanamke wako ana mkono mzuri."

Akaugeuza ule mkono wa shati. "Hiki hakikuwa kimedondoka."

"Nilikikata mimi."

"Ulichukua mkasi ukakata shati langu, kunitega?"

"Na umenasa."

Nilitegemea apige kelele. Akalikunja shati polepole. "Wiki nzima hii natembea najiona mtu anayetunzwa nyumbani kwake," akasema. "Nilidhani ni wewe." Akachukua suruali mbili akaenda kwa kaka yake. Shati la bluu aliliacha kwenye kiti, na mimi nikaliona kama ushahidi.

Asubuhi wifi akapiga simu. "Wifi, kesho tunakaa kikao. Kaka anasema hawezi kuishi na askari. Kama una jina la huyo mwanamke, njoo nalo. Kama huna, fungasha vyako kabisa."

Miaka kumi na tisa ya ndoa ilikuwa inasubiri jina moja, na jina hilo sikuwa nalo. Zamu yangu ilikuwa ya mchana. Nikavaa sare, nikaenda kulitafuta.

Dukani nilipojitambulisha, keshia alinipokea kama mgeni wa harusi. "Shemeji! Karibu, karibu kiti. Jua lote hili umekuja kwa miguu?" Akaniletea maji, akageuza feni upande wangu. Kadiri alivyonikirimu ndivyo nilivyozidi kumkodolea macho. Anaosha dhambi, nikasema moyoni. Alipoinama kuchukua glasi nikaona kiunoni mwa blauzi yake pini mbili kubwa, pale vifungo vilipotakiwa kuwa.

Akaona nilikotazama, akacheka kwa aibu. "Nisamehe, shemeji. Mimi na sindano ni maji na mafuta. Mama yangu alikata tamaa nikiwa darasa la nne."

Jina likaponyoka hivyohivyo. Ikabaki njia moja, kumuuliza dobi kama shati lilitoka kwake na kifungo au bila kifungo, nijue pa kuanzia tena.

Nilimkuta anapiga pasi, mgongo umepinda, miwani imefungwa kamba. Aliponiona aliiweka pasi pembeni. "Karibu, mama. Kaa."

Akanitazama kifuani mara moja, akashusha macho. Mzee mzima, nikasema moyoni, huyu naye anaangalia nini?

"Shati la bluu la mtunza stoo lilitoka hapa na kifungo cha mkono?"

"Lilitoka nacho." Akavuta kopo la maziwa lililojaa vifungo vya kila rangi, uzi na sindano vimechomekwa kwenye kifuniko. "Nimekishona mwenyewe. Na kile cheupe cha wiki ile nyingine."

"Anakulipa nani?"

"Kwa kifungo?"

"Kwa nini hukusema? Kwa nini hukumwambia?"

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Mama, mteja nikimwambia shati lako halina kifungo, anasikia namwambia nyumbani kwako hakuna mtu. Basi nashona, nanyamaza. Hivyo kila mtu anabaki na heshima yake."

Heshima aliyokuwa akiilinda ilikuwa yangu, na mimi nilikuwa nimeikata kwa mkasi. Nilijisikia vibaya, na nikijisikia vibaya huwa nauma. "Mimi nilikutukana hapa, mzee. Umesahau?"

"Sijasahau. Kola niliunguza kweli." Akainua pasi yake. "Lakini kifungo hakikunitukana."

Nilipofika barabarani ndipo nilipokumbuka kuwa hata shikamoo sikumpa.

Zahanati nilikaa dirishani kwangu. Mama mmoja mtu mzima akasimama mbele yangu, kadi yake imelowa jasho. Subiri ilikuwa tayari mdomoni, na vidole vyangu vilikuwa vinasokota kifungo cha pili cha sare, kama ninavyofanya nikikasirika. Vikagusa shingo.

Nikainamisha kichwa. Uzi msalaba, chini umezungushwa mara tatu. Cha nne nacho vilevile. Nikakumbuka kwamba wakati fulani nilikuwa nafunga sare hii kwa pini, kisha siku moja pini haikuhitajika tena, na sikujiuliza. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema. Mimi kilichonitunza ndicho kilichokuwa nguoni mwangu, na nani kanishonea sikuuliza hata siku moja.

"Karibu, mama," nikamwambia yule mama. "Vuta kiti, kaa hapa karibu na mimi."

Akatazama nyuma yake, kisha akanitazama mimi, na uso ukamshuka. "Kuna nini, mwanangu? Majibu yangu ni mabaya?"

Ilinichoma. Kwa miaka kumi na moja sikuwahi kumpa mtu kiti, na sasa kiti changu kilikuwa kinatisha kuliko ugonjwa.

Zamu ilipoisha sikungoja kikao. Nilipitia nyumbani kuchukua shati la bluu, nikaenda nalo kwa shemeji yangu, nikabisha hodi. Mume wangu alifungua mwenyewe, mwili wake ukiziba mlango wote.

"Jina umelipata?" akauliza.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Nani kakutuma? Wifi yako?"

Hakuniamini, na sikuwa na haki ya kuudhika. Nikavuta sare yangu mbele, nikamwonyesha kifungo cha pili. Akainama, akakigusa kwa ncha ya kidole, akahesabu mizunguko ya uzi midomo ikicheza. Alipoinuka uso wake ulikuwa umekaza.

"Nani kakushonea?"

Nikangoja acheke. Hakucheka.

"Niruhusu nikueleze," nikasema. "Yote, tangu mwanzo."

Akasogea kidogo, nafasi ya mtu mmoja kupita ubavu.

"Ingia," akasema. "Anza na mkasi."